Ukuta Kwanza, Projekta Baadaye

Mwaka 1985 Krzysztof Wodiczko, msanii mzaliwa wa Poland, alipewa kibali cha kumulika picha kwenye mnara wa Nelson, London. Projekta moja akaigeuzia Ubalozi wa Afrika Kusini ya makaburu, na alama ya Wanazi ikatokea juu ya nguzo za mbele, kwenye ukuta wa pembetatu. Ilidumu kama saa mbili hivi, polisi wakaizima. Dar es Salaam, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963, ina kila sababu ya kulichambua tukio hilo kiufundi, maana hapa imezoeleka kudhani kwamba sanaa hii ni ya wenye kompyuta na mamilioni. Wodiczko alitumia slaidi. Alichokipatia ni ukuta: mdogo, wenye mipaka yake, kwenye jengo ambalo kila mpita njia alijua ni la nani.

Hesabu ya mwanga ukutani ni nyepesi: gawa lumeni za projekta, yaani kiasi cha mwanga inachotoa, kwa mita za mraba za picha, upate luksi. Mashine kubwa ya lumeni 20,000 ikitandazwa kwenye ukuta wa mita 20 kwa 15 inatoa luksi kama 67 tu. Projekta ya lumeni 4,000, ya kukodi kwa ajili ya harusi Buguruni, ikibanwa kwenye mita 6 kwa 4 inatoa luksi kama 167. Mashine ndogo imeishinda kubwa, bila muujiza wowote.

Mtu wa Buguruni atasema majengo ya kale yako mjini, na mjini sasa kumejaa maghorofa ya vioo. Ni kweli, ila kioo hakifai: mwanga hupenya ndani, au hurudi upande mmoja kama kwenye kioo cha kujitazamia. Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, lina kuta nyeupe zisizong'aa; mwanga ukigonga pale hutawanyika, na abiria wa boti za Zanzibar wataiona picha wakiwa upande wowote. Soko la Kariakoo, la msanifu majengo Beda Amuli, ni gumu zaidi, kwa sababu miavuli yake ya zege inapinda na picha lazima ipindwe pamoja nayo.

Hoja nzito zaidi ni taa za barabarani. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Weusi wa picha ni ukuta usiomulikwa, na taa ya barabarani ikiufikia, weusi unageuka kijivu. Picha ya harusi yenye rangi laini itapauka. Umbo nene la rangi mbili litabaki, na ndiyo maana alama ile ya London ilisomeka. Kwa hiyo anayetaka kulimulika Boma aende kwanza usiku na kipima mwanga, apime ukuta ukiwa mtupu, kisha ndipo achore.