Lindores: shaba, mbao na miaka mitatu ya kusubiri

Hesabu za hazina ya mfalme wa Uskoti za mwaka 1494 zina mstari mmoja ambao wauza wiski wameufaidi kuliko tangazo lolote: Ndugu John Cor apewe boli nane za kimea, kwa amri ya mfalme, atengeneze aqua vitae, pombe kali ya enzi hizo. Ni kama nusu tani ya kimea. Mapokeo yanamweka mtawa huyo katika abasia ya Lindores, karibu na Newburgh huko Fife, iliyoanzishwa mwaka 1191. Mstari wenyewe hautaji mtambo, muda wala viungo. Kwa hiyo Drew McKenzie Smith na mkewe Helen walipofungua kiwanda cha wiski mwaka 2017, mkabala na magofu ya abasia, hawakuwa na maelekezo ya kufufua. Walikuwa na ardhi ya ukoo, shayiri ya Fife na tatizo la fedha.

Tatizo lenyewe ni la kisheria. Pombe iliyokenekwa haiitwi wiski ya Uskoti mpaka ilale ndani ya mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Kiwanda kikongwe kina maghala ya mapipa yaliyokwisha kukomaa. Kipya kinalipa mishahara huku mali yake yote imefungiwa gizani. Ukitaka kuuza mapema, unahitaji pombe ambayo haitachoma koo ikiwa bado changa.

Hapo ndipo kazi ya mkemia Jim Swan, mshauri wao, inapoonekana, ingawa alifariki Februari 2017, kabla tone la kwanza halijatoka. Mwanzo hauna ajabu: kimea kinasagwa na kulowekwa katika maji moto hadi wanga ugeuke sukari, hatua ambayo mpika togwa yeyote ataitambua, kisha hamira inafanya kazi yake. Tofauti iko kwenye ukenekaji. Mtambo mmoja mkubwa unakeneka mara ya kwanza, na mazao yake yanagawanywa kwenye mitambo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Chombo kikiwa kidogo, kila lita inagusa shaba zaidi. Shaba hunasa misombo ya salfa, ile inayonuka kama kiberiti au kabichi iliyochemka, na ambayo vinginevyo ingehitaji miaka mingi ya pipa kuisha. Mitambo miwili ni gharama zaidi ya kununua, lakini naona ilikuwa bei ndogo ya kununua muda.

Upande wa mbao, Swan alipenda mapipa ya divai nyekundu yaliyokwanguliwa ndani, yakaokwa, kisha yakachomwa upya. Kukwangua kunaondoa mbao iliyochoka na mabaki makali ya divai. Moto unaamsha sukari za mwaloni. Pombe nyepesi hupata rangi na utamu upesi humo.

Wakati wa kusubiri waliuza Aqua Vitae, pombe isiyozeeshwa, yenye mitishamba. Kwangu hicho ndicho kinywaji chao kilicho karibu zaidi na alichoagiza mfalme, maana siku zile kuzeesha kwenye pipa hakukuwa desturi.

Wiski yenyewe, MCDXCIV (1494 kwa tarakimu za Kirumi), ilifika sokoni kwa wingi mwaka 2021 ikiwa na asilimia 46 ya kileo. Mapipa ya divai hayakuachiwa kazi peke yake: yamechanganywa na ya bourbon na ya sherry. Busara hiyo ilihitajika. Mbao iliyochomwa upya hutoa ladha kwa kasi, na pombe nyepesi kama hii haina uzito wa kuikabili ikiachwa humo miaka 12.