Fundi wa Injini Zinazochemka

Jua la Mbeere halina huruma, na Probox iliyosheheni majani ya muguka haina subira. Gari likichemka, fundi wa Siakago hakimbilii kufungua rejeta. Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100, na yakifumka huchuna ngozi. Husubiri, dereva akifoka.

Kisha hupapasa. Mpira wa juu una moto, wa chini ni baridi? Huenda themostati imekwama. Huing'oa, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, akaikodolea macho: itafunguka kabla maji hayajatokota? Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imekwisha, habari ambayo hakuna mwenye gari anayeipenda.

Gari likipona, jioni muguka hufika ungali mbichi. Mnunuzi hajui gari lilizimika wapi.