Uso na Tendo: Uhakiki wa Tamthilia ya "Rooftop Prince"

Hadithi ya mtu aliyevuka miaka mingi akajikuta katika dunia asiyoijua si jambo geni. Kisa cha Watu wa Pangoni kinajulikana na kila aliyekwenda chuoni utotoni: walilala miaka mia tatu na zaidi, na mmoja wao alipotumwa mjini kununua chakula, mapokeo yasema kuwa fedha aliyoichukua mkononi ndiyo iliyotoa siri yao. Mwaka 1819 Washington Irving wa Marekani alimlaza Rip Van Winkle mlimani miaka 20. Mwaka 1889 Mark Twain aliigeuza njia, akampeleka mtu wa zama zake nyuma hadi katika baraza la Mfalme Arthur. Katika visa vyote hivi wakati hutumika kama mizani. Mtu hutolewa katika zama zake, akawekwa katika zama za wengine, ili uzito wake ujulikane pasipo cheo chake wala desturi yake.

Mwaka 2012 waandishi wa televisheni wa Korea ya Kusini waliishika njia hii kana kwamba wamepeana ahadi. Katika mwaka huo mmoja zilionyeshwa "Queen In-hyun's Man", "Dr. Jin", "Faith" na "Rooftop Prince", zote zikihusu watu waliovuka karne. Hii ya mwisho iliandikwa na Lee Hee-myung, ikaonyeshwa na kituo cha SBS tangu Machi hadi Mei katika sehemu 20. Aghalabu huhesabiwa miongoni mwa vichekesho vya mapenzi, na wapo wasemao kuwa kazi za namna hii ni za kupitisha jioni tu, hazistahili kuwekwa mbele ya mwanafunzi wa fasihi. Tuhuma hiyo ina haki ya kujibiwa, na jibu lake halipatikani kwa kuisifu tamthilia hii tu, bali kwa kuipima.

Jina lake la Kikorea ni "Oktapbang Wangseja", yaani mwana mrithi wa mfalme katika chumba cha juu ya paa. Vyumba vya aina hiyo, vilivyojengwa juu kabisa ya majengo ya mji wa Seoul, ni makazi yanayojulikana ya watu wenye kipato kidogo. Basi kichekesho chote kimo katika jina: aliye juu kwa cheo amewekwa juu kwa ngazi, na huko juu ndiko kuliko na unyonge.

Lee Gak, mwana mrithi wa ufalme wa Joseon, ameondokewa na mkewe, ambaye yaaminiwa kuwa ndiye aliyekutwa amekufa katika ziwa la jumba la kifalme. Huwakusanya watumishi watatu, mmoja mwanachuoni, mmoja shujaa wa upanga, na mmoja mjuzi wa habari za watu, ili wautafute ukweli wa kifo kile. Wakiwa wanafukuzwa na wauaji, wote wanne huruka karne tatu, wakaangukia chumbani mwa Park-ha, msichana maskini atafutaye riziki kwa mikono yake. Hapo kicheko huanza. Watu waliokuwa wakivaa hariri huvishwa nguo za michezo za rangi kali. Waliokuwa wakiandaliwa meza za kifalme huona wali uliofungwa ndani ya yai kuwa ni karamu. Na yule aliyezoea kuamrisha hutakiwa kufanya kazi ili ale.

Kicheko hiki si cha bure. Lugha ya Kikorea hubeba vyeo ndani ya vitenzi vyake, na mwana mrithi huendelea kusema na kila mtu kwa miisho ya kitenzi impasayo mtawala kwa raia. Anayeitazama kwa tafsiri hukosa sehemu kubwa ya uhondo huu, kwa sababu tafsiri huyahifadhi maneno na kukiacha cheo kilichomo. Lakini hata aliyekosa uhondo huo huona jambo moja: Lee Gak hajui kushukuru wala kuomba radhi, maana hapakuwa na mtu aliyepata kumdai mambo hayo. Kila kinachomchekesha mtazamaji katika sehemu za mwanzo ni deni ambalo mwana mrithi hajui kuwa anadaiwa. Hapa ndipo penye ufundi wa mwandishi. Kichekesho hakikuwekwa mbele ya msiba kama kitoweo cha kumvuta mlaji. Kichekesho na msiba vina mzizi mmoja, nao ni jicho lisiloona ila cheo na sura.

Mzizi huo ulianzia Joseon. Ndugu wawili, Hwa-yong na Bu-yong, walikua katika nyumba moja. Hwa-yong alitamani kuchaguliwa awe mke wa mwana mrithi, akamchoma nduguye shavuni kwa chuma cha moto cha kunyooshea nguo. Alichaguliwa, na Bu-yong akaishi na kitambaa usoni. Mwana mrithi alipenda akili ya shemeji yake, akafurahia kutegana naye vitendawili, lakini hakuuliza kilichokuwa chini ya kitambaa. Katika Seoul ya mwaka 2012 waigizaji walewale huvaa maisha mengine: Jeong Yu-mi, aliyekuwa Hwa-yong, sasa ni Se-na; Han Ji-min, aliyekuwa Bu-yong, sasa ni Park-ha, dada wa kambo aliyetupwa na Se-na utotoni. Lee Gak anapomwona Se-na huutambua uso wa mkewe, akaandamana nao. Aliyempa chakula, mavazi na pa kulala yuko karibu naye kila siku, naye hamwoni.

Kosa hili ndilo moyo wa tamthilia. Mtazamaji hulijua mapema kuliko mwana mrithi, hivyo kila hatua ya Lee Gak kumwelekea Se-na huchekesha na kuumiza kwa pamoja. Ukweli unapofunuliwa, yule aliyekufa ziwani hakuwa mke. Alikuwa Bu-yong, aliyekula matunda makavu yaliyotiwa sumu kwa ajili ya mwana mrithi, ili sumu ile isimfikie. Mtafutaji alivuka miaka mia tatu kumtafuta muuaji wa mkewe, akakuta kwamba mke alikuwa upande wa wauaji, na kwamba aliyempenda alikuwa amekwisha kufa kwa ajili yake pasipo kusema neno.

Mwandishi amelishona jambo hili kwa uzi wa maji. Bu-yong alikufa ziwani. Tae-yong, kijana wa zama hizi mwenye sura ya Lee Gak, alianguka baharini kwa mkono wa binamu yake Tae-mu. Park-ha naye, alipomwokoa Lee Gak na gari la huyo Tae-mu, aligongwa yeye akatumbukia majini. Tendo la Bu-yong limerudi, na safari hii mwana mrithi analiona kwa macho yake. Katika bustani ya jumba la Changdeokgung mjini Seoul lipo ziwa dogo liitwalo Buyongji, na jina hilo lina maana ya yungiyungi, ua lichipukalo kutoka matopeni. Kitendawili cha Bu-yong, juu ya kitu kinachoishi hata kikifa na kufa hata kikiishi, jibu lake ni jina lake mwenyewe. Mwana mrithi aliyesifiwa kwa kutegua vitendawili alichukua karne tatu kukitegua kimoja.

Haifai, walakini, kuficha dosari. Habari za kampuni ya familia ya Tae-yong na hila za Tae-mu zimerefushwa kupita mahitaji. Siri hukaribia kufichuka, ikafunikwa, ikakaribia tena, hata mtazamaji huhisi kuwa sehemu 20 zimedai kujazwa. "Queen In-hyun's Man" ya mwaka uleule ilikuwa na sehemu 16, ikalifunga jambo lake katika tukio la kweli la historia, kurejeshwa kwa Malkia Inhyeon mwaka 1694. Kwa hiyo kila safari ya msomi wake ilikuwa na uzito wa taifa. Joseon ya "Rooftop Prince" haina mwaka maalumu wala siasa ya kina. Ni Joseon ya ngano.

Dosari kubwa zaidi imo mwishoni. Lee Gak na Park-ha hufunga ndoa, na bwana arusi hutoweka mbele ya macho ya bibi arusi, akarudi zama zake kuwahukumu wenye hatia. Baadaye Park-ha hukutana na Tae-yong aliyepona, mwenye uso uleule, na tamthilia humdokezea mtazamaji kuwa roho ni ileile. Hapo swali zito huzuka. Kazi iliyotumia saa nyingi kufundisha kuwa uso si mtu, yawezaje kumfariji msichana kwa uso? Huenda ikajibiwa kuwa Tae-yong naye amesubiri, na kusubiri ni tendo. Jibu hilo lina nguvu kidogo, lakini halitoshi. Mkutano ule ni tunu kwa watazamaji waliolia. Si tunda la mti uliopandwa.

Tunda lenyewe limo katika tukio lililotangulia. Kabla ya kutengana, Lee Gak aliahidi kuficha barua chini ya nguzo ya banda la kifalme. Park-ha huenda, hupapasa, huikuta. Karatasi ile haikuruka wakati kama mwandishi wake alivyoruka. Ilikaa gizani miaka mia tatu, siku baada ya siku, ikimngoja msomaji mmoja. Katika tamthilia nzima hakuna safari iliyo ya kweli kuliko hiyo. Kuruka karne ni muujiza, na muujiza huchekesha. Kungoja karne ni uaminifu, na huo ndio uliomfanya mwana mrithi, aliyeanza bila kujua kushukuru, awe mtu anayejua kulipa.

Kwa hiyo wanaoitupa kazi hii miongoni mwa michezo ya jioni wanafanya kosa lilelile la Lee Gak. Wameutazama uso wake wenye kicheko na mavazi ya rangi kali, hawakuuliza kilichomo chini ya kitambaa. Mwanafunzi wa fasihi ana sababu ya kutolirudia kosa hilo, maana kazi yake ya kila siku ni kufungua barua zilizowekwa chini ya nguzo na watu waliokwisha kuondoka.