Helene Weigel na Kazi ya Mwigizaji

Wapo wanaodai kwamba mwigizaji hodari ni yule anayewaliza watazamaji. Tukichambua kazi ya Helene Weigel (1900–1971), dai hili halisimami. Mwaka 1933 alikimbia utawala wa Wanazi. Mwaka 1949, mjini Berlin, aliigiza Mama Courage katika tamthilia ya mumewe, Bertolt Brecht: mchuuzi anayevitegemea vita kwa riziki, hata vikammalizia watoto wote watatu. Akilipia maziko ya bintiye, Weigel alirudisha sarafu moja mfukoni. Hapo mtazamaji hulazimika kuhoji: ni biashara gani hii inayompofusha mnyonge hata mbele ya maiti? Filamu ya 1961 imehifadhi uigizaji wake. Sanaa inayoishia kwenye machozi humrudisha mfanyakazi nyumbani akiwa vilevile.