Linux kwa nyumba, na shamba lenye bei haianguke

Ndugu ba-agronome, Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inaomba TPM 2.0, na machini nyingi za zamani hazina ile. Mimi kwa nyumba niko na Linux Mint: ni ya bure, haiombi machini ya nguvu.

Jioni, kama umeme iko, nacheza Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake, na tangu 2016 iko na toleo la Linux. Ni mchezo mutamu. Msimu ni siku 28, kuna mbegu zinakomaa siku 4 (tuache hiyo, ni mchezo). Chenye kinanisumbua ni bei. Uzisha mboga 10 ao 1000, bei ni ileile! Kwetu wote wakivuna mahindi pamoja, soko inajaa, bei inaanguka, na mwenye alilima vizuri ndiye anakosa pesa ya masomo ya watoto. Kijana atatoka mule akifikiri kulima zaidi ni kupata zaidi. Nangojea mchezo wenye magunia yanabaki kwa depo.