Salamandra: fundi wa moto mwenye tunaua bure

Wandugu benye munapenda michezo ya fantasia, tuongee kidogo juu ya salamandra wa Dungeons & Dragons. Juu eko mutu, chini eko nyoka, anaishi ndani ya moto. Katika toleo la 3, la mwaka 2000, kanuni zinamupa kitu kizuri: ni fundi, anaongezewa pointi 4 katika kufua chuma. Lakini kwenye meza, nani anamuuliza anafua nini? Anainua mukuki, tunamupiga na uchawi wa baridi, juu baridi njo inamushinda, anakufa, tunaendelea.

Hapo njo pana uzaifu. Sisi ba Lubumbashi tunajua moto unaenda pamoja na kazi. Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa 1911. Ile moto ililisha familia nyingi, lakini moshi wake ukaharibu udongo kaskazini-magharibi ya muji, miti ikakufa. Hata tanuru ikizimika, udongo unabakia vile.

Salamandra akikufa, hakuna kitu kinabakia: wala kazi yake, wala majivu. Kijana wa hapa mwenye atatunga muchezo wake, aanzie pale.