Disleksia ya Muhuru Bay haipimwi kwa pishi ya Kiingereza

TAFITI nyingi kuhusu disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuendeleza maneno usiotokana na upungufu wa akili, zimefanyiwa watoto wanaosoma Kiingereza. Hapo ndipo penye kasoro. Kimaandishi, Kiingereza ni lugha ya ajabu kidogo: herufi zilezile hubadilika sauti kutoka neno hadi neno, na mtoto hana budi kukariri.

Mwaka 2003, Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha ulinganisho wa lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza shuleni, watoto wa Kifini, Kijerumani na Kigiriki walisoma takriban maneno yote ya kawaida bila kosa. Wenzao wa Kiingereza, waliotoka Scotland, walipata kama 34 kwa mia. Je, tuseme Scotland imejaa disleksia? La hasha! Tatizo ni maandishi.

Miaka kumi kabla ya hapo, Heinz Wimmer alikuwa ameonyesha upande wa pili wa jambo hili. Watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani hawakosei sana. Husoma sawa, ila polepole mno, na tahajia yao huwa mbovu. Mwalimu anayesubiri kusikia makosa hatawatambua.

Sasa tuje Nyatike, kaunti ya Migori. Katika ufuo wa Muhuru Bay wazee wengi wana asili ya Kisuba, lakini lugha iliyotawala nyumbani ni Dholuo. Mtoto anaingia gredi ya kwanza na Dholuo, anakutana na Kiswahili na Kiingereza kwa mkupuo mmoja, kisha anatarajiwa kusoma zote. Akikwama, wenzake wanamwita *ofuwo*, mjinga, na mambo yanaishia hapo.

Mwalimu mmoja wa huko alinionyesha madaftari ya imla. Katika moja, mtoto ameandika "samba" kwa shamba, "sati" kwa shati, "masiwa" kwa maziwa. Mwalimu alikuwa na shaka naye. Mimi sina. Dholuo haina sauti za sh wala z, na mtoto ameandika kile anachokisikia, tena kwa mpangilio usioyumba. Huyo anajua herufi zake vizuri sana.

Daftari lililonitia wasiwasi lilikuwa jingine. Humo, mbuta, samaki ambaye kila mtoto wa ziwani anamjua kwa jina na kwa ladha, ameandikwa "buta", kisha "mtuba", kisha "mbata". Neno ni la lugha yake mwenyewe, sauti anazo, lakini herufi hazitulii. Daftari hilo halikuwa na alama nyingi nyekundu kuliko lile la kwanza, ndiyo maana halikumshtua mtu.

Dholuo nayo ina mitego yake. Ina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi. *Kendo* yaweza kuwa meko au kuoa. Msomaji akisita hapo, basi huenda anatafuta muktadha tu, wala si mgonjwa wa chochote.

Halafu kuna hii saa ya kuhesabia maneno. Mradi wa Tusome ulitumia kiwango cha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Waliopanga viwango hivyo walitambua kwamba maneno yetu ni marefu, na nawapongeza. Hebu tazama: "hawakutusomea" ni neno moja, ilhali Kiingereza kinahitaji sita kusema hivyo, na Dholuo inasema *ne ok gisomonwa*, maneno matatu. Lakini huko madarasani namba zimebaki na sababu zake zimesahaulika. Nimesikia walimu wakisema eti mtoto "ni mzuri kwa Kiingereza, Kiswahili kinamlemea," kwa kuwa tu namba moja ni kubwa kuliko nyingine. Benjamin Piper na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu watoto wa Kenya wanaosoma Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Gikuyu: Kiingereza walikisoma kwa kasi zaidi, ila walielewa vizuri zaidi zile lugha za Kiafrika. Kasi bila kuelewa ni kusoma gani?

Ningependa mwalimu wa Muhuru Bay amlinganishe mtoto na wanadarasa wenzake, katika lugha ileile, na aanze na Dholuo. Ampe maneno kumi ya nyumbani ayaandike, wiki tatu mfululizo. Makosa yakirudi vilevile, hiyo ni lafudhi au mafunzo. Yakibadilika kila wiki, na kusoma kukiwa kwa kukokota ingawa hakuna kosa, ampeleke kwenye kituo cha tathmini cha EARC, tena mapema, kabla mvulana hajaanza kukesha ziwani na wavuvi wa omena.